Marafiki Husomwa Mwisho



Waliokua wakisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wanayakumbuka matangazo ya vifo. Yakianza, nyumba ilinyamaza. Aliyekuwa akichambua maharage aliweka ungo chini, na mtoto mwenye kelele alitazamwa mara moja tu akaelewa. Msomaji alimtaja mfiwa na mahali alipo, akamtaja marehemu, kisha akaingia kwenye orodha yenyewe: habari ziwafikie kaka yake aliyeko Urambo, shangazi yake wa Mpanda, binamu zake walioko Tanga, wakwe wa Kibondo. Kila mtu na jina lake na mji wake. (Tanga haikosekani katika orodha yetu sisi Waha wa Kigoma. Ni mkonge ule. Wazee wetu wengi walikwenda kuukata enzi za mkoloni, na wengine wakazikwa hukohuko.) Halafu mwishoni, sauti ikiwa inashuka ili tangazo lifungwe, waliobaki wote waliingizwa kwa mkupuo mmoja: ndugu, jamaa na marafiki, popote walipo.

Leo tumzungumzie huyo anayesomwa mwisho. Tena simzungumzii rafiki wa kazini au wa kijiweni, ambaye msiba ukitokea atabeba jeneza na kuchangia sukari. Nina maana ya yule mliyecheza naye mkiwa hamjui hata mwaka ni kitu gani, maisha yakawatenganisha, miaka ikapita, ukaja kusikia kwamba amekufa, amezikwa, na matanga yameshaanuliwa.

Huyo unamlilia wapi? Nimejaribu kumlilia mjini ninakofanya kazi. Mtu akinikuta nimekaa kimya aliuliza, "Vipi, kuna tatizo?" Nikisema nimefiwa, uso wake ulibadilika mara moja, kama inavyostahili. "Pole sana. Nani wako?" Rafiki. "Wa hapa hapa?" Hapana, wa utotoni. "Aa," anasema, na pole inapungua nusu papo hapo. Wala simlaumu. Hata sheria imepanga hivyohivyo. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne za likizo yenye malipo akifiwa na mtoto, mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, au ndugu wa kuzaliwa naye. Rafiki hayumo, na sidai awekwe, maana tungekuwa nchi ya watu walio likizo mwaka mzima. Ninachosema ni kwamba msiba wa namna hii hauna jamvi. Unakwenda nao kazini, unarudi nao, na hakuna anayekuletea uji.

Basi niruhusu nilitandike jamvi hilo hapa.

Mimi ni mtu wa Makere, wilayani Kasulu, kwenye barabara ya kwenda Kibondo. Waliosikia habari za Makere wengi wamezisikia kwa sababu ya Nyarugusu, ile kambi iliyofunguliwa mwishoni mwa 1996 kuwapokea Wakongo waliokimbia vita vya Kivu. Kambi ilikua hadi kuwa kubwa kuliko miji yetu mingi, na Makere ikageuka kuwa jina la njia panda ya kuendea kwingine. Lakini wageni tulikuwa nao kabla ya kambi. Ukiishi Buha, nchi ya Waha, mpaka wa Burundi si ukuta. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Bibi yangu na mama yake rafiki yangu waligombana mara nyingi kuhusu mbuzi waliovamia mihogo, kila mmoja kwa lugha yake, na hakuna tusi hata moja lililopotea njiani.

Rafiki yangu sitamtaja jina. Familia yake iko mbali, sijaiomba ruhusa, na jina la mtu aliyekufa ni mali ya watoto wake. Baba yake alitoka Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Alivuka akiwa kijana katika mauaji ya 1972, ambayo yaliwatoa watu wengi kusini mwa nchi ile. Wengi wa waliokimbilia kwetu mwaka ule walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Tabora, na Katumba, huko Mpanda, na baadaye Mishamo. Wengine waliishia vijijini Kigoma, wakapewa kipande cha shamba na wenyeji, wakalima, wakaoa, wakazaa. Baba huyu alikuwa wa kundi hili la pili. Rafiki yangu alizaliwa Makere, kama mimi, msimu mmoja wa maharage na mimi, kwa maelezo ya mama zetu.

Sasa, umewahi kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa makaburini? Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani. Alipata elimu ya msingi katika shule fulani. Alifunga ndoa mwaka fulani na kujaliwa watoto watano. Toka kuzaliwa mpaka ndoa, mistari mitatu. Halafu inakuja sehemu ndefu: marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, akapelekwa zahanati, akapewa rufaa, akalazwa, akaruhusiwa, hali ikabadilika, akarudishwa, madaktari wakajitahidi. Mtu aliyeishi miaka sitini anasomewa miezi yake mitatu ya mwisho.

Si kwamba familia haina mapenzi. Wasifu huandikwa usiku wa kuamkia mazishi na mtoto wa kwanza, au na mpwa mwenye mwandiko mzuri, kwenye karatasi ya daftari huku watu wanauliza habari za turubai. Huyo mwandishi alimkuta marehemu akiwa mtu mzima tayari. Wazazi wa marehemu, ambao wangejua zaidi, walishatangulia. Anayebaki na miaka kumi ya kwanza ni mtoto wa jirani wa zamani, ambaye sasa ana mvi na yuko mkoa mwingine, na hakuna anayekumbuka kumpigia simu.

Wasifu wa rafiki yangu sikuusikia ukisomwa. Lakini najua lililokosekana, kwa sababu ninalo mimi.

Lilikosekana hili: kwamba alikuwa hodari wa kumbikumbi kuliko watoto wote wa upande wetu. Mvua za kwanza zikinyesha, sisi wengine tulikimbilia vichuguu vikubwa vinavyoonekana na kila mtu. Yeye alikuwa na vyake vidogo, alivyovitia alama tangu kiangazi. Alijenga kibanda cha fito juu ya kichuguu, akafunika kwa majani ya migomba, akaacha mdomo mmoja unaoelekea kwenye shimo alilochimba. Kisha akakaa na vijiti viwili akipigapiga kwa mdundo mwepesi sana, ili wale wadudu wadhani mvua inanyesha. Ukipiga kwa nguvu hawatoki. Ukikosea mwendo hawatoki. Aliweza kukaa hivyo mpaka mguu unakufa ganzi, na ukimsemesha hajibu. Watu waliomjua ukubwani wanasema alikuwa mtu wa maneno mengi. Mimi nilimwona akinyamaza.

Lilikosekana pia kwamba alikuwa mfanyabiashara. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa huko Bujumbura, tarehe 21 Oktoba 1993, mkoa wetu ulipokea watu kwa malaki, na barabara ya Kasulu na Kibondo ikajaa malori ya chakula na magari meupe ya mashirika. Sisi tulikuwa watoto wadogo, hatukujua mambo ya marais. Tulijua kwamba magari yakikwama kwenye tope watu hushuka, na watu wakishuka huwa na njaa. Tuliuza uyoga, mahindi ya kuchoma, na kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Wazungu hawakununua kumbikumbi, lakini madereva wao walinunua, tena kwa pupa, wale wa kutoka Bukoba hasa, ambao kwao senene ni heshima na kumbikumbi ni jirani yake. Bei alipanga yeye. Mimi nilikuwa na aibu ya kutaja fedha, naye hakuwa nayo kabisa. Kwa fedha hizo tulinunua ringi ya baiskeli iliyochakaa, bila spoki, ya kuendesha kwa kijiti. Ilikuwa ya kwetu wawili: siku moja inalala kwao, siku moja kwetu.

Na lilikosekana ziwa. Yeye alikuwa bado hajaliona, alizaliwa mlimani kama mimi. Lakini alinisimulia Ziwa Tanganyika kana kwamba ameoga humo asubuhi. Baba yake alimsimulia, naye akaongeza vyake. Aliniambia kuwa maji yana mawimbi hata pasipo na mtu wa kuyatikisa. Kwamba usiku wavuvi huwasha taa, ukitazama kutoka mlimani unadhani ni mji. Kwamba upande wa pili kuna milima ya Kongo, ila haionekani siku zote, inategemea ziwa limeamkaje. Kwamba migebuka huruka yenyewe ikaingia chomboni mwa mtu mwema. Nilipofika Kigoma kwa mara ya kwanza nikiwa kijana, nilisimama pale ufukweni nikaanza kukagua. Mawimbi, sahihi. Taa za wavuvi wa dagaa, sahihi kabisa, ni mji. Milima ya Kongo ilijificha siku hiyo na kuonekana kesho yake, sahihi. Migebuka nilinunua sokoni kama watu wengine.

Haya si mambo makubwa, msikilizaji, najua. Hayabadilishi historia ya Burundi wala ya Kasulu. Lakini ndiyo mtu mwenyewe. Ukiyaondoa, unabaki na mtu aliyezaliwa, akaoa, akaugua.

Tuliachana mwishoni mwa 1997. Kipindi kile uhusiano wa nchi hizi mbili ulikuwa mbaya, Burundi ikilalamika kwamba waasi wake wamejificha upande wetu, na serikali ikatoa amri wageni wote wasio na vibali walioko vijijini wapelekwe kambini. Wanajeshi wakawakusanya maelfu kwa maelfu mkoani Kigoma. Walichukuliwa waliofika juzi, wakachukuliwa na waliokuwa wameishi nasi zaidi ya miaka ishirini. Kulikuwa na nyumba ambamo mume alikwenda na mke akabaki, kwa sababu mmoja alikuwa wa huko na mwingine wa huku. Familia ya rafiki yangu haikupata shida ya kugawanyika, wote walikuwa Warundi. Walipanda lori wakiwa na godoro, sufuria na kuku waliofungwa miguu, wakapelekwa Mtabila, kambi nyingine ya wilayani kwetu. Mihogo yao ilibaki shambani haijakomaa. Bibi yangu, yule waliyegombana naye kuhusu mbuzi, ndiye aliyeipalilia.

Siku hiyo ringi ilikuwa imelala kwetu.

Mtabila haikuwa mbali kwa gari, ila kwa mtoto ni nchi nyingine. Aliniandikia barua, zikaletwa na watu waliokuwa na shughuli barabarani. Ndani ya barua hizo nilijifunza jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu: mtoto aliyesoma nasi darasa moja kwa Kiswahili, aliyejua mashairi ya Mwenge na orodha ya mikoa ya Tanzania, alianzishwa upya masomo ya Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, kwa sababu sera ilikuwa wakimbizi wasome mtaala wa nchi watakayorudi. Nchi yenyewe alikuwa hajaiona. Aliniandikia neno moja moja la Kifaransa ili anitambie, mimi nikamjibu kwa Kiingereza changu cha darasani, na nadhani wote wawili tulikosea kila kitu.

Mwaka 1999 Mwalimu Nyerere, aliyekuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Warundi kule Arusha, alifariki. Mandela akaichukua kazi hiyo, na mkataba ukasainiwa tarehe 28 Agosti 2000. Miaka michache baadaye watu wakaanza kurejeshwa kwao. Baba yake hakusubiri kusukumwa. Alikuwa na shamba Nyanza-Lac, la michikichi, alilokuwa amelibeba kichwani tangu 1972. Wakaondoka, na barua zikakoma.

Niseme neno kuhusu njia za mawasiliano za wakati ule, maana vijana mnaosikiliza mtauliza kwa nini hatukutafutana. Msalaba Mwekundu ulikuwa na ujumbe wake unaoandikwa kwenye fomu, ukisafirishwa hadi kambini na ng'ambo ya mpaka bila bahasha, na umewasaidia watu wengi mno kujua kama mama yu hai. Lakini umetengwa kwa habari za kifamilia. Idhaa ya BBC ya Maziwa Makuu ilianzishwa 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, kwa kazi ya kuunganisha familia zilizopotezana. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi mwaka 1995, nayo imesomea watu salamu nyingi ambazo zisingefika kwa njia nyingine. Kote huko anayetafutwa kwanza ni mzazi, mtoto, kaka. Na ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiwa na nafasi moja tu kwenye gari la uokoaji, humpakii mwenye ringi yako. Ila matokeo yake ni kwamba vita vikishawatawanya watu, damu hutafutana na urafiki husubiri bahati.

Bahati ikaja mwaka 2015, kwa sura mbaya. Burundi iliwaka tena, safari hii kuhusu muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza. Watu wa kusini wakakimbilia Kagunga, kijiji chetu cha mwisho kando ya ziwa, kilichobanwa kati ya mlima na maji. Wakati ule Kagunga haikuwa na barabara ya kupitisha magari. Makumi ya maelfu ya watu walilala ufukweni, kipindupindu kikaingia, wengine wakafia hapo. Waliokolewa kwa maji, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza, na karibu miaka mia moja baada ya kuzamishwa ikawa inabeba Warundi kwenda Kigoma. Kutoka hapo walipelekwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, wakapandishwa mabasi, wakaja Nyarugusu.

Rafiki yangu alikuwamo, na mke na watoto. Njia ya mabasi hayo ilipita Makere.

Aliniambia mwenyewe, kwa simu. Ilikuwa hivi: siku moja alitokea nyumbani kwetu. Kama alikuwa na ruhusa ya kutoka kambini au hakuwa nayo, sikumuuliza na wala mama hakumuuliza. Mama alimtazama, akamwamkia kwa salamu ndefu za Kiha, zile zisizokwisha, akamwekea ugali wa muhogo na maharage yenye mawese, na alipomaliza kula ndipo akasema, "Sasa ngoja nimpigie mwenzio." Mimi nilikuwa mkoa mwingine. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanaume mzima ambaye simjui. Akasema, "Ndugu yangu, bado unaogopa ng'ombe?"

Nilikuwa nimesahau kwamba niliogopa ng'ombe. Kabisa. Watoto wangu hawajui, mke wangu hajui. Nilicheka mpaka aliyekuwa karibu nami akadhani nimeshinda bahati nasibu. Nikamwuliza kuhusu ziwa. Akasema ziwa halifai kulala kando yake, na akanyamaza kidogo. Akanieleza kwamba shamba la baba yake walilikuta lina mtu, na mtu huyo ana watoto waliozaliwa humo; Burundi ilikuwa na tume maalumu ya migogoro ya ardhi kama hiyo, na wao waliishia kugawana, nusu kwa nusu, wakichuma chikichi wakiangaliana kwa chati. Akasema alipopita na basi aliiona shule yetu. "Tulimwomba dereva asimame. Hakusimama." Halafu akauliza habari za ringi. Nikamwambia ipo. Haikuwapo, ilishauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lakini kuna maneno ambayo mtu hamwambii mkimbizi.

Hapo katikati kuna jambo linaloniumiza kichwa. Mwaka 2014, mwaka mmoja tu kabla ya yeye kurudi kwetu na virago, serikali yetu ilianza kuwapa vyeti vya uraia wakimbizi wa 1972 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watu wapatao 162,000. Ni tendo kubwa ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Baba yake alikimbia mwaka uleule, kwa sababu ileile. Tofauti ni gari alilopanda, au alilokosa kupanda, siku alipovuka. Aliyepelekwa Katumba wajukuu wake leo wanapiga kura. Aliyebaki Makere alichukuliwa 1997. Sina maelezo ya kuongeza hapo.

Kuanzia Septemba 2017 Warundi wakaanza tena kurejeshwa kwa hiari, naye baadaye akarudi na wake. Namba yake ya Tanzania ikawa haipatikani. Ya Burundi sikuwa nayo.

Na habari zenyewe zilikuja kwa njia ya mama, kwa mpangilio wake. Alianza na mvua. Akaja kwenye bei ya maharage, kwamba wanunuzi wa mwaka huu ni wezi. Akaja kwenye mbuzi aliyezaa pacha. Ndipo akasema kuna Mrundi amekuja kufanya kibarua cha kulima, anatoka kulekule, na anasema yule mwenzako wa ringi alifariki. Homa, siku chache tu. Lini? Kitambo, mama akasema, walishamaliza msiba. Kisha akanyamaza na mimi nikanyamaza, salio likaisha.

Tangu hapo nimegundua jambo ambalo sikulitarajia. Nilidhani akifa rafiki wa utotoni utoto wako utafifia. Wangu umefanya kinyume, umezidi kung'aa. Kila nikiukumbuka nauona mzuri zaidi: kumbikumbi wanene zaidi, barabara ndefu zaidi, mimi jasiri zaidi. Hilo linanitisha, maana najua sababu yake. Hakuna tena wa kunibishia. Yeye angesema hapana, siku ile ulikimbia, tena ulilia. Ndugu zako wa damu hawawezi kazi hiyo. Kaka mkubwa alikuwa na marafiki zake mwenyewe, mdogo alikuwa mgongoni. Mzazi hukumbuka ulivyokuwa mtiifu au mkaidi. Hajui mlichosema chini ya mwembe. Hata haya niliyokusimulia leo, msikilizaji, yapokee ukijua kwamba upande wa pili haukuhojiwa.

Kuna desturi moja ya misiba yetu ninayoipenda. Kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza: kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na familia. Watu huona ni suala la fedha, na kwa kweli mara nyingi ni fedha. Mimi ninadaiwa nusu ya ringi, na katika msiba ule sikuwapo kusimama. Nimeshatafuta mtu wa kwenda Nyanza-Lac kwa kupitia Manyovu. Nimempa daftari. Nimeandika humo kumbikumbi, magari meupe, barua za Kifaransa, ng'ombe, na ziwa kama alivyolisimulia kabla ya kuliona. Watoto wake wakubwa wanasoma Kiswahili, walikijifunza Nyarugusu. Kama daftari halijawafikia na mazungumzo haya yamewafikia, basi wajue lipo njiani.

Nawe unayenisikiliza, nina ombi moja tu. Mzee wako akiwa bado anakula vizuri na kukasirika vizuri, mwulize alicheza na nani. Mwulize wako wapi, na ni nani kati yao aliye hai. Andika majina na namba zao. Siku ile ikifika, wapigie kabla wasifu haujasomwa, uwape mistari kumi kwenye karatasi ile, hata kama itabidi mpunguze rufaa moja ya hospitali. Tena namba hizo ziandikwe kwenye karatasi, zisiachwe ndani ya simu ya mzee, maana simu hiyo ina namba ya siri anayoijua yeye peke yake.